Kuipa chokoleti uzito Mwanza: vinavyouzwa madukani, vinavyofaa na vya kuacha

Mteja akiingia duka la vifaa vya keki katikati ya Mwanza na kusema chokoleti yake inamwagika, haishiki kwenye keki, mara nyingi anauziwa unga: konflawa, sukari ya aisingi, kokoa au krimu ya paketi. Anaondoka na mfuko umejaa na tatizo liko palepale. Chokoleti iliyoyeyuka huwa nyepesi au nzito kwa sababu ya joto lake, mafuta yaliyomo na maji uliyoichanganyia. Unga unaingia mwishoni kabisa, tena kwa kazi chache. Tathmini hii inazipitia bidhaa zinazotumika kuipa chokoleti uzito, na kuzipima kwa mazingira ya hapa: mchana wa nyuzi 27 hadi 30, unyevu wa ziwani, na oda ya sendofu inayopakiwa kwenye bajaji kwenda Kirumba au Buhongwa saa nane mchana.

Kabla ya kutoa hela, angalia kwanza kama chokoleti ni nyepesi kwa sababu bado ina moto. Chokoleti nyeusi ikiwa na nyuzi 45 lazima ichuruzike. Ikishuka hadi 31 au 32, inyanyue kwa mwiko: utepe unaodondoka unakaa juu ya uso sekunde mbili tatu ndipo uzame. Hapo imefika, haihitaji cha ziada. Ukitaka kuiharakisha, njia nzuri ni moja: katika gramu 400, yeyusha 300, bakiza 100 zilizokatwa ndogondogo, kisha uzitie kidogokidogo kwenye iliyoyeyuka huku ukikoroga. Joto linashuka, uzito unapanda, na ulichoongeza ni chokoleti ileile, kwa hiyo ladha haijaguswa. Kuliingiza bakuli kwenye friji ndiyo njia mbaya. Pembeni inaganda, katikati bado ni maji, na ukikoroga unapata madonge.

Sasa bidhaa zenyewe. Inayonunuliwa zaidi na waokaji wa kipato cha kawaida ni kompaundi, lile bamba kubwa ambalo baadhi ya maduka hulikata na kulipima kwa robo na nusu kilo. Ndani yake siagi ya kakao imeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na mafuta mengine ya mimea, mara nyingi ya mise, zile kokwa za mchikichi, yaliyotengenezwa kiwandani yawe magumu. Ladha inatokana na unga wa kokoa. Faida yake kwa hali ya hewa yetu ni kubwa: inaganda yenyewe bila kupitishwa kwenye ngazi za joto (kupashwa, kupozwa na kupashwa tena), inang'aa bila ujuzi mwingi, na inavumilia meza yenye joto kuliko chokoleti halisi. Iyeyushe kwa nyuzi 40 hadi 45, isivuke 50. Kwa maumbo ya kwenye moldi, herufi, majani ya kupambia na kufunikia biskuti, inunue bila wasiwasi. Kwa ganashi, yaani chokoleti iliyochanganywa na krimu ya moto, ya kujazia keki ya maana, hapana: inaacha utando wa nta kwenye kaakaa, na hakuna kiungo kitakachouondoa.

Kipande kilichokatwa dukani hakina lebo, kwa hiyo jifunze kukitambua. Weka punje ulimini na usitafune. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili, kwa hiyo chokoleti halisi inaisha yote mdomoni. Kompaundi inabaki na kitu cha kutafuna. Kama pakiti ina lebo ya Kiingereza, soma mafuta: ikitajwa cocoa butter pekee ni halisi, ikitajwa palm kernel au hydrogenated vegetable fat ni kompaundi, hata kama picha ya mbele ni ya tunda la kakao. Ukikuta bamba lina ukungu wa kijivu, usilitupe wala usiliogope. Limeyeyuka kidogo njiani au stoo likaganda tena, mafuta yakapanda juu. Likiyeyushwa vizuri linarudi. Lakini ni haki yako kuomba bei ipungue, kwa sababu halifai tena kuliwa au kupambia hivyohivyo lilivyo.

Jambo linaloharibu kazi nyingi hapa ni kuchanganya kompaundi na halisi. Hoja ya mchanganyaji inaeleweka: halisi ni ghali, kompaundi inashika haraka, basi nusu kwa nusu itatoa ladha ya moja na ugumu wa nyingine. Inatokea kinyume. Mafuta ya mise na siagi ya kakao hayakai pamoja kwenye kuganda, kila moja linamzuia mwenzake kujipanga, na mchanganyiko unayeyuka kwenye joto la chini kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Matokeo ni chokoleti inayobaki laini, inayoacha alama ya kidole, na baada ya siku chache inatoa ukungu mweupe. Kisha mtu anaona ni nyepesi, anatia sukari ya aisingi, na safari ya kuharibu inaendelea. Ukitaka kuiongezea kompaundi ladha, tia unga wa kokoa wenye mafuta machache, ule wa asilimia 10 hadi 12, gramu 15 kwa kila gramu 300. Siagi ya kakao iliyomo kwenye unga huo ni ndogo, haileti ugomvi.

Chokoleti halisi ya kuokea ina bei ya juu na kazi ya ziada, lakini kwa ganashi, trufo (vidonge vya ganashi) na mousi (kitindamlo chepesi chenye hewa) ndiyo yenye thamani ya hela yake. Ili igande ikiwa ngumu na yenye mng'ao lazima ipitishwe ngazi tatu. Nyeusi: yeyusha hadi 45 au 50, shusha hadi 27 au 28, pandisha tena hadi 31 au 32. Ya maziwa: 40 hadi 45, kisha 26 au 27, kisha 29 au 30. Nyeupe ni nyuzi moja chini zaidi kwenye ngazi mbili za mwisho. Sababu ni kwamba siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo sita tofauti ya fuwele, na moja tu ndilo linalovunjika kwa mlio na kuvumilia mkono. Hapa Mwanza kazi hiyo ifanyike alfajiri au usiku. Chumba kikiwa na nyuzi 29, nyeusi haiwezi kushuka hadi 27, wala ya maziwa kufika 26, bila msaada, kwa hiyo weka bakuli juu ya beseni la maji yaliyopoa kidogo kwenye friji, dakika moja moja, ukifuta chini kila unapolinyanyua.

Kuna kitu kwenye pakiti ambacho wanunuzi wengi hawakitazami. Baadhi ya viwanda, Callebaut kikiwemo, huchapa matone kwenye mfuko kuonyesha wepesi wa chokoleti ikishayeyuka. Matone matatu ni ya kazi za kawaida. Yakiongezeka, chokoleti ni nyepesi zaidi na imekusudiwa kufunikia kwa ganda jembamba. Yakipungua, ni nzito na inakaa vizuri kwenye ganashi na michuzi. Mtu aliyenunua ya matone mengi halafu akahangaika kuitilia uzito amelipia mafuta ya ziada ili ayapige vita. Inasikitisha pia kwamba nchi inayolima kakao Kyela na bonde la Kilombero husafirisha sehemu kubwa ya mbegu zake nje, halafu mwokaji wa Mwanza ananunua bamba lililotoka Ulaya au Uturuki. Ukikutana na chokoleti iliyotengenezwa nchini, ijaribu kwenye ganashi kabla ya kuiweka kwenye moldi, maana zile zenye kakao nyingi bila siagi ya kakao ya kuongezewa huwa nzito zenyewe.

Ganashi ndiko malalamiko mengi yanakotoka, na hapa dawa ni uwiano. Vipimo vinavyosambaa mtandaoni vimeandikwa kwa vyumba vya nyuzi 20. Gramu 100 za nyeusi kwa gramu 100 za krimu ni mchuzi wa kumwagia, utachuruzika kwenye keki na ndivyo unavyotakiwa. Mbili kwa moja, ambayo kwingine ni ya trufo, kwa mchana wa hapa ni ya kujazia tu. Ukitaka ganashi inayoshika kingo za keki chini ya fondanti (kifuniko cha sukari cha keki), au trufo isiyolala kwenye sahani, nenda mbili na nusu kwa moja kwa nyeusi, tatu kwa moja kama keki itasafiri hadi Sengerema au Geita. Ya maziwa iwe tatu na nusu, nyeupe iwe nne. Nyeupe haina unga wa kakao wa kunyonya maji, ndiyo maana inadai nyingi hivyo.

Utaratibu: kata gramu 250 za chokoleti ziwe ndogo kuliko punje ya maharage. Chemsha gramu 100 za krimu mpaka pembeni pa sufuria paanze kutoa mapovu, usisubiri ifurike. Mwagia, funika dakika mbili, kisha koroga kwa duara dogo katikati mpaka pang'ae, halafu ndipo upanue duara. Ukikoroga bakuli zima tangu mwanzo unaingiza hewa na mafuta yanajitenga. Iache juu ya meza saa sita hadi nane, imefunikwa kwa nailoni inayogusa uso wake. Watu wengi huihukumu baada ya dakika kumi na kusema ni nyepesi. Ganashi inaendelea kukaza usiku kucha.

Ikiwa kweli ni nyepesi, fanya hesabu badala ya kubahatisha. Uliweka gramu 200 za nyeusi na 200 za krimu, na unataka mbili na nusu kwa moja: inabidi chokoleti ifike 500, yaani uongeze 300. Ziyeyushe pembeni, ganashi na nyongeza ziwe karibu nyuzi 35 hadi 40 zote mbili, ndipo uunganishe. Kutupa vipande vya baridi kwenye ganashi iliyokwisha kupoa kunakupa chengachenga zisizoyeyuka. Kama huna gramu 300 za kuongeza, ipooze vizuri na uipige kwa mashine bakuli likiwa juu ya barafu. Hewa itaipa mwili wa kupaka katikati ya tabaka, ingawa haitashika pembe kali nje ya keki. Ikianza kuonekana chengachenga umepitiliza, simamisha mashine.

Krimu ya kutumia ni ya maziwa yenye mafuta asilimia 35 kwenda juu, ile ya boksi. Krimu ya kupikia ina mafuta machache na maji mengi. Ganashi yake haikazi hata uongeze chokoleti kwa uchungu wa moyo. Krimu ya unga ya paketi, inayopendwa kwa sababu haihitaji friji mpaka ichanganywe, ina kazi yake na si hii. Kuimimina ikiwa unga kwenye ganashi ya moto kunaleta vidonge na utamu uliopitiliza, kwa kuwa sehemu kubwa ni sukari na mafuta ya mimea. Ipige kwanza kwa maziwa ya baridi kama pakiti inavyoelekeza, kisha uiingize kwa kukunja kwenye chokoleti iliyoyeyuka yenye nyuzi 35 hivi: gramu 200 za nyeusi, gramu 300 za krimu iliyopigwa, theluthi moja kwanza kulegeza, iliyobaki kwa upole. Unapata mousi inayosimama kwenye kikombe. Kwa kazi hiyo tunaipa alama nzuri. Kwenye ganashi, iache.

Siagi huleta mng'ao na ugumu ukiwa na friji, lakini kwenye joto letu inalegeza. Gramu 20 kwa kila gramu 250 za chokoleti zinatosha, ziingie ganashi ikiwa imeshuka chini ya nyuzi 40. Majarini ya kopo ina maji na harufu yake haijifichi kwenye chokoleti. Inafaa kwenye keki yenyewe. Mafuta ya nazi, ambayo wapo wanaoyapendekeza kama ya kukazia, hufanya kinyume: huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na Mwanza yanakuwa kimiminika sehemu kubwa ya siku. Yatumie unapotaka chokoleti iwe nyepesi.

Sasa ndipo unga unapokuja. Kokoa iliyochekechwa, gramu 10 hadi 15 kwenye ganashi ya gramu 350, inanyonya maji na kuongeza ladha. Ukipita hapo inakuwa chungu na inakausha mdomo. Chekecha moja kwa moja juu ya ganashi ya vuguvugu, kwa sababu ukisubiri ipoe, vidonge vidogo vya kokoa kavu vitakaa humo mpaka mlaji avitafune. Sukari ya aisingi inafaa kwenye siagi ya kupambia, si kwenye ganashi. Siagi gramu 100, sukari hiyo gramu 150, chokoleti iliyoyeyuka na kupoa hadi nyuzi 28 au 30 gramu 100: unapata pambo linaloshika ua la nozeli. Kwenye ganashi sukari inayeyuka ndani ya maji ya krimu, inaongeza utamu mkali na uzito mdogo. Kompaundi nyeupe ikiwa nyepesi, maziwa ya unga yenye mafuta kamili hufanya kazi nzuri kuliko sukari: gramu 15 hadi 20 kwa gramu 300, yachekechwe, na kijiko kiwe kikavu. Siagi ya karanga inadanganya. Bakulini inaonekana imekaza, lakini mafuta ya karanga yanailegeza chokoleti ikishaganda, hivyo isizidi sehemu moja kwa tatu za chokoleti kama unataka vipande vya kukata kwa kisu.

Glukosi ndiyo bidhaa ambayo waokaji wengi wa hapa wanaipita rafuni na hawapaswi. Tunazungumzia glukosi ya maji, nzito na angavu, ya kwenye kopo au ndoo ndogo. Ile ya unga inayouzwa dukani kwa ajili ya kunywa haifanyi kazi hii, na mtu wa kaunta asiyeokea anaweza kukupa hiyo kwa nia njema. Kwenye ganashi, gramu 20 hadi 30 kwa kila gramu 350 huzuia chengachenga za sukari na kuifanya ikatike laini. Lakini kazi yake kubwa ni chokoleti ya kufinyanga, ile ya maua na utepe. Pasha glukosi gramu 100 iwe vuguvugu, iingize kwenye gramu 300 za nyeusi halisi iliyoyeyuka na kupoa hadi 35 hivi. Kwa kompaundi nyeupe punguza glukosi hadi gramu 75. Kunja kwa mwiko wa mpira mara kumi na tano hadi ishirini. Itajikusanya ghafla na kuachana na bakuli. Simama hapohapo. Anayeendelea kukoroga anaikamua, mafuta yanatoka na donge linakuwa kavu la kukatika. Ifunge kwa nailoni, ilale usiku mzima, ndipo uikande. Ikitoa mafuta kidogo, iache igande kisha uyakande yarudi ndani, usiyamwage. Asali inaweza kushika nafasi ya glukosi, na asali ya Tabora ipo tele, ila ni nyepesi kuliko glukosi na ina ladha yenye nguvu, kwa hiyo donge litakuwa laini zaidi. Kwa maua yatakayokaa nje saa nzima ya sherehe, chagua glukosi.

Anayetaka pipi za kuuza bila friji anunue maziwa matamu ya kopo. Kopo la gramu 397, kokoa vijiko vikubwa vitatu vilivyochekechwa, siagi kijiko kikubwa kimoja, moto mdogo, mwiko usitoke sufuriani. Baada ya dakika kumi hadi kumi na tano, pitisha mwiko katikati: njia ikibaki wazi sekunde tatu na uone chini ya sufuria, ipua. Ni pipi ya Brazil, brigadeiro, na uzito wake unatokana na maji kupungua na protini za maziwa kukaza, kwa hiyo jua la mchana haliisumbui kama linavyosumbua trufo. Ikikataa kuviringika, irudishe jikoni dakika mbili. Ikiwa ngumu ya kuvuta meno, ilipikwa sana. Irudishe na vijiko viwili vya maziwa. Kwa thamani ya hela, hakuna kilichoizidi kwenye tathmini hii.

Konflawa ni ya mchuzi wenye maziwa au maji, basi. Ndani ya chokoleti tupu hakuna maji ya kuivimbisha, inabaki mbichi na mchanga mdomoni. Kwenye maziwa mililita 250, koroga gramu 10 za konflawa na kokoa gramu 15 na sukari gramu 30 kwa maziwa kidogo ya baridi, mimina kwenye yaliyobaki yakiwa moto, chemsha dakika moja kamili ukikoroga, ipua, tia gramu 80 za chokoleti. Wanga huanza kuvimba kwenye nyuzi 62 hivi, lakini ukipua mapema ladha ya unga inabaki. Ukikoroga kwa nguvu baada ya kukaza, punje zilizovimba zinapasuka na mchuzi unalegea. Na usirudishe sufuriani kijiko ulichoonjea. Mate yana kimeng'enya kinachokata wanga, na mchuzi uliokuwa mzito utaukuta maji. Mchuzi huu haupendi kugandishwa kwenye friza. Ukiyeyuka unatoa maji.

Jelatini, kigandishi kinachotokana na ngozi na mifupa ya wanyama, inafaa kwa mousi itakayotolewa ikiwa baridi: gramu 5 au 6 kwa mousi ya nusu kilo, iloweke kwenye maji mililita 30 dakika kumi, iyeyushe bila kuchemsha. Inaanza kulegea kabla ya nyuzi 35, kwa hiyo kwenye hafla ya nje mchana haitasaidia. Kwa wateja wa hapa, Waislamu wengi wakiwemo, nunua tu yenye alama ya halali na iliyoandikwa ni ya ng'ombe.

Upo pia uzito usiotakiwa, na usinunue kitu cha kuutibu kabla hujaujua. Chokoleti ikipata tone la maji au mvuke, sukari iliyomo inalowana na kunatana, bakuli zima linageuka udongo wa kufinyangia. Haitarudi kuwa ya moldi. Iongezee maji ya moto au maziwa, kijiko kikubwa kimoja kwa kila gramu 55 hadi 60, na itakuwa mchuzi mzuri. Ikiwa nzito na yenye chengachenga bila maji kuingia, imeungua: nyeusi haipendi kuvuka 50, ya maziwa na nyeupe 45. Hiyo haina dawa. Kwa jiko la mkaa, chemsha maji kina cha sentimita mbili tatu, toa sufuria jikoni, ndipo uweke bakuli juu bila kugusa maji. Bakuli liwe pana kuliko sufuria ili mvuke usipande pembeni. Siri hii ya maji ina matumizi yake: ukitaka kuandika jina juu ya keki, gramu 100 za nyeusi na matone matatu manne ya maji, ukikoroga baada ya kila tone, hukupa mstari usiotambaa.

Mwisho ni vifaa viwili vyenye faida kuliko paketi zote za unga: mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja, na kipimajoto cha mchomo. Vikombe na vijiko havifai kwa chokoleti, kikombe cha vipande na kikombe cha iliyoyeyuka vinatofautiana sana. Kipimajoto kikaguliwe kabla ya kukiamini. Kwenye barafu iliyopondwa na maji kidogo kisome 0. Kwenye maji yanayochemka, Mwanza, kisome karibu 96, kwa sababu jiji liko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari na maji huchemka mapema kuliko Dar. Anayesubiri 100 atakirudisha dukani kipimajoto kizima. Tofauti hiyo inagusa pia fadji (pipi laini ya sukari na maziwa) na karameli: vipimo vya joto la shira vilivyoandikwa kwa usawa wa bahari vipunguzwe nyuzi nne. Fadji inayotakiwa ipuliwe 114, hapa ipue ikifika 110. Ukiisubiri 114 itakuwa imekauka na kuvunjikavunjika kwenye trei.